Kwenda Shirakawa-go bila kukwama: mwongozo kamili wa kijiji cha mapaa ya nyasi milimani Japani

Maswali yanayokuja kuhusu Shirakawa-go yanafanana mno. Mtu ameshaona zile picha, nyumba za mbao zenye paa refu la nyasi limelaliwa na theluji, amepanga safari yake ya Japani vizuri tu, Tokyo sawa, Kyoto sawa, akifika kwenye hiki kijiji ndo mambo yanaharibika. Basi limejaa. Pa kulala hakuna. Au kafika saa sita mchana kakuta watu wamejazana, kazunguka kidogo, kapiga selfi, kaondoka anasema mbona pa kawaida tu. Na wapo wanaokwenda usiku wa taa, zile siku chache nyumba zinapomulikwa, bila kubuku, wanarudishwa getini na baridi lile.

Karibu wote wanajikwaa palepale: kijiji wanakipanga mwisho, kama sehemu ya kupitia, wakati kiko ndani milimani, treni haifiki na vitanda ni vya kuhesabu. Geuza mpango. Kitanda kwanza, basi la pili, mengine yote yafuate.

Tuelewane pia tunaongelea wapi. Ni kijiji cha Ogimachi, mkoa wa Gifu, kwenye bonde la mto Shogawa. Kuna nyumba kubwa 59 za aina hiyo, na vipo vijiji viwili vidogo jirani upande wa mkoa wa Toyama, eneo linaitwa Gokayama: Ainokura wana nyumba 20 na Suganuma 9. Vyote vitatu viko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 1995. Na humo watu wanaishi, wanalima mpunga, wanaanika nguo zao, wanazozana na theluji kama majirani wengine. Shika hilo maana robo tatu ya maonyo huko chini yanatoka hapo.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

Viza. Mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya anahitaji viza ya Japani, inaombwa ubalozini kwao kabla ya safari. Watataka ratiba ya siku kwa siku na mahali utakapolala, kwa hiyo usisubiri viza ndo utafute kitanda, utachelewa kote kuwili. Buku sehemu inayoruhusu kughairi bila faini mpaka siku fulani, andika hiyo kwenye ratiba.

Yen taslimu. Mjini utalipa kwa kadi mpaka usahau noti zinafananaje, ila kijijini nyumba nyingi za wageni na vimaduka vinapenda pesa mkononi. Toa hela mjini, mashine za kwenye maduka ya 7-Eleven zinakubali kadi nyingi za nje. Mi naona yen 30,000 kwa kichwa kwa usiku mmoja inakutosha ukae bila presha.

Viatu vya kuvua haraka. Hiki watu wanakidharau. Utavua na kuvaa viatu siku nzima, kila nyumba unayoingia, sasa mwenye buti la kamba ishirini atajuta. Kipindi cha theluji viwe visivyopitisha maji na soli yenye meno, na ubebe soksi za ziada, nene na zisizo na matundu, kila mtu ataziona.

Adapta ya umeme. Soketi za Japani ni za pini mbili bapa, volti 100. Plagi zetu za pini tatu nene haziingii hata kwa kulazimisha.

Simu yenye intaneti na programu ya kutafsiri. Pakua Kijapani kabisa kitumike bila mtandao. Mwenye nyumba anaweza kuwa bibi wa miaka sabini ambaye Kiingereza chake kinaishia kwenye "welkamu", na hapo simu ndo mkalimani wenu.

Ongeza pawabenki (baridi linakula betri), mfuko wa kuwekea taka zako, na begi dogo la usiku mmoja. Basi.

## Hatua ya 1: Chagua msimu kwa sababu, sio kwa picha

Theluji nzito ni kuanzia mwishoni mwa Desemba mpaka mwanzoni mwa Machi, na Januari na Februari ndo kilele. Hiyo ndo ile sura ya kwenye picha, ila ndo kipindi cha watu wengi, bei juu, barabara za shida na njia nyingine kufungwa.

Mwishoni mwa Aprili yanachanua maua ya cheri, huku yamechelewa kuliko Tokyo kwa sababu ya mwinuko. Mwisho wa Mei na Juni mashamba ya mpunga yamejaa maji na paa zinajiona mle ndani kama kwenye kioo, na watu wanakuwa wachache, kwangu mimi huu ndo muda mtamu kuliko wote na hakuna anayeuimba. Julai na Agosti kijani kibichi na joto. Mwisho wa Oktoba kuingia Novemba majani yanageuka mekundu na njano, umati unarudi.

Usiku wa taa. Januari na Februari kuna siku chache tu ambazo nyumba zinamulikwa jioni. Tangu 2019 huingii bila kubuku mapema, sio basi, sio gari binafsi, sio kwa miguu. Tarehe na utaratibu vinatangazwa miezi kabla na nafasi zinakwisha haraka. Kama huna nafasi mkononi usiende siku hiyo ukitegemea huruma, hata mabasi na maegesho yanapangwa kwa ajili ya waliobuku tu.

Hatua hii imekamilika ukiwa na tarehe mbili: unayoitaka, na ya akiba ya katikati ya wiki. Jumamosi iogope.

## Hatua ya 2: Pata kitanda kabla ya kitu kingine chochote

Kwa nini kulala, si unaweza kwenda na kurudi siku hiyohiyo? Unaweza. Lakini mabasi ya watalii yanamwaga watu kuanzia kama saa nne asubuhi na yanawazoa jioni mapema. Anayelala anakipata kijiji akiwa yeye na wenyeji tu, jioni na alfajiri, na hizo saa chache ndo zinazokufanya uelewe kwa nini ulikuja.

Nyumba za wageni zinaitwa minshuku, ni familia imefungua vyumba vyake vichache, ndo maana zinajaa miezi kabla. Wenyeji wa Ogimachi walikubaliana tangu 1971 kwamba majengo hayauzwi, hayapangishwi, hayabomolewi, kwa hiyo usitegemee kampuni kubwa itakuja kujenga hoteli ya ghorofa katikati ya nyumba hizi.

Buku kupitia ofisi ya utalii ya Shirakawa-go au tovuti za Kijapani za malazi. Hesabu yen 10,000 mpaka 20,000 na kitu kwa mtu, na hapo chakula cha jioni na cha asubuhi kimo. Hiyo bei ni kwa kichwa, sio kwa chumba, mkiwa wawili zidisha mara mbili.

Onyo la ramani, soma mara mbili. Japani ina Shirakawa nyingi. Kuna mji wa Shirakawa mkoa wa Fukushima, una mpaka stesheni ya treni ya mwendokasi, Shin-Shirakawa, huko ni mbali kabisa. Kuna mji mwingine wa Shirakawa hukohuko mkoa wa Gifu, na stesheni yake Shirakawaguchi iko kwenye njia ya treni ya kwenda mji wa Takayama, yaani mtu anaiona kwenye ramani anasema nimepata, anashuka, hakuna kijiji. Wewe tafuta neno Ogimachi kwenye anwani. Kama hoteli imeandikwa "karibu na Shirakawa-go" halafu anwani inasema Takayama, hiyo ni mwendo wa basi wa karibu saa nzima.

Wakati wa kubuku sema mapema haya: saa utakayofika, kama una mtoto mdogo (zipo nyumba hazipokei), na chakula usichokula. Hili la chakula ukilisubirisha mpaka siku ya kufika, utaona. Vyakula vimeshanunuliwa, vimeshaandaliwa, mama wa watu atabaki anainama kuomba radhi na wewe una njaa.

Kwa Waislamu hapa panahitaji umakini. Nguruwe ukisema huli, wanaelewa. Ila pombe ya mchele (sake) na mirin, ile tamu ya kupikia, zinaingia kwenye mchuzi na samaki wa kuchemsha bila mtu kuziita pombe, na ile nyama maarufu ya ng'ombe wa Hida mara nyingi sio ya kuchinjwa kihalali. Andika kwa Kijapani kupitia programu ya kutafsiri: sili nyama, sili kitu chenye sake au mirin, nakula samaki wa kuchoma kwa chumvi, mboga, wali, mayai. Vitu vitano vya wazi vinamsaidia mpishi kuliko neno halali peke yake. Kibla ukiwa kule ni magharibi ukivuta kidogo kaskazini.

Umefaulu ukiwa na uthibitisho wenye jina lako, tarehe, neno Ogimachi na saa ya kuingia. Piga skrinshoti, milimani mtandao una siku zake.

## Hatua ya 3: Funga mambo ya basi

Nimesema treni haifiki, narudia kwa wale wanaoruka aya. Unapanda treni mpaka mji wa karibu halafu basi.

Kutoka Takayama ndo karibu, kama dakika 50. Kufika Takayama unatoka Nagoya kwa treni iitwayo Hida, saa mbili na nusu hivi.

Kutoka Kanazawa ni saa moja na robo au zaidi kidogo. Tokyo mpaka Kanazawa kuna treni ya mwendokasi ya moja kwa moja, karibu saa mbili na nusu kwa zile za haraka.

Kutoka Toyama inakaribiana na Kanazawa. Kutoka Nagoya kuna basi la moja kwa moja, karibu saa tatu, zuri kwa asiyetaka kubadilisha badilisha.

Sasa hapa ndo watu wanaumia. Mabasi ya Kanazawa kwenda Shirakawa-go yanataka kiti kibukiwe kabla. Kutoka Takayama baadhi ya safari zinabukiwa na nyingine ni za kupanga foleni, wa kwanza kufika ndo wa kwanza kupanda, na usitarajie kusafiri umesimama ndani ya basi, linapita barabara kuu ya mwendo kasi. Nafasi kawaida zinafunguliwa mwezi mmoja kabla. Weka kikumbusho kwenye simu, siku hiyo ikifika buku kwenda na kurudi kwa pamoja. Wengi wanabuku kwenda wanasema kurudi tutajua hukohuko, na hukohuko wanajua kweli.

Pasi ya treni ya nchi nzima, ile ya siku 7 iliyopanda mpaka yen 50,000 mwaka 2023, haiingii kwenye haya mabasi. Kuna pasi ya eneo la Takayama na Hokuriku ambayo inahusisha basi la Shirakawa-go, ila hata ukiwa nayo kiti bado ukibuku.

Kitu kingine kidogo kinachokosesha watu basi: ratiba zao ni za saa 24. 16:30 ni saa kumi na nusu jioni yetu. Andika pembeni kwa Kiswahili kabisa, ukiwa umechoka kichwa kinachanganya.

Wa gari la kukodi: wanaendesha kushoto kama nyumbani, hiyo raha. Lakini kibali cha kimataifa lazima kiwe cha mkataba wa Geneva wa 1949, kingine Japani hawakitambui, kwa hiyo kagua maandishi ya kwenye jalada kabla hujalipia gari. Kipindi cha theluji gari liwe na tairi za theluji, na kama hujawahi kuendesha kwenye barafu achana nalo tu, panda basi. Mchana magari ya wageni yanabaki maegesho ya nje ng'ambo ya mto, unavuka kwa miguu.

## Hatua ya 4: Begi kubwa libaki mjini

Njia za kijiji ni nyembamba, theluji ikiwepo matairi ya begi hayana kazi, na ngazi za nyumba hizi ni kali. Juu ya hapo, begi chafu la matairi kulivuta juu ya mikeka ya tatami ni kosa kubwa, linachana majani.

Una njia mbili. Acha begi kwenye makabati ya stesheni au hotelini Takayama au Kanazawa ulichukue ukirudi. Au tumia huduma ya kutuma mizigo, unalipa hotelini asubuhi, kesho yake begi liko kwenye hoteli yako inayofuata. Ya pili ni raha kama unaingia upande mmoja unatokea mwingine, mfano Takayama kuingia, Kanazawa kutoka. Makabati yapo hata kituo cha basi cha kijijini ila makubwa yanaisha asubuhi.

## Hatua ya 5: Ukishuka kwenye basi

Panga kufika kama saa nane au saa tisa mchana. Asubuhi utafika na kila mtu, na chumba bado hakijawa tayari.

Kwanza kabisa, pita kaunta ya kituo uhakikishe basi lako la kesho. Halafu nenda kaweke begi kwa mwenyeji wako, wengi wanakubali lipumzike hata kama saa ya kuingia haijafika.

Kisha ingia kwenye nyumba moja iliyofunguliwa kwa wageni, maana nje hujaona kitu bado. Nyumba ya Wada ndo kubwa na familia bado inaishi upande mmoja. Kiingilio ni hela ndogo. Panda juu mpaka darini, ambako zamani walifuga viwavi vya hariri, uangalie paa kwa ndani: maboriti yamefungwa kwa kamba na vijiti vya mti vilivyosokotwa vikiwa vibichi, vikikauka vinakaza. Misumari hutaiona pale. Ukigusa boriti kidole kinarudi cheusi, ni masizi ya moshi wa jiko la chini, na huo moshi una kazi, unafukuza wadudu na kukausha nyasi zisioze. Aliyekulia nyumba ya makuti na jiko la kuni ataelewa bila mkalimani.

Paa lenyewe limesimama karibu nyuzi 60 ili theluji iteleze, na linabadilishwa kila miaka 30 hadi 40 hivi kwa kazi ya pamoja, majirani na watu wa kujitolea kwa mamia wanapanda juu upande mmoja ukaisha kwa siku. Ukibahatika kwenda majira ya kuchipua unaweza kukuta wanaezeka. Simama mbali, tazama, usiwapandie.

Maonyo ya kutembea, haya hayana mzaha:

Moto. Kijiji kizima ni nyasi kavu na mbao. Usivute sigara ukitembea, kuna sehemu maalum, na fataki ni marufuku. Vile vibanda vidogo vya mbao unavyoviona huku na huku vina mizinga ya maji ya kuzima moto ndani, usikalie, usifungue.

Usisimame chini ya ukingo wa paa wakati wa theluji. Inashuka yote kwa mpigo bila kukupigia honi, na ni nzito ya kuua mtu. Kelele ya kukwaruza ukiisikia juu, ondoka kwanza ndo uulize.

Pembeni ya njia kuna mifereji ya maji, theluji ikifunika huioni. Tembea katikati ya njia iliyokanyagwa.

Usiingie uwanja wa mtu, usichungulie dirishani, usikanyage tuta la mpunga kutafuta pembe ya picha. Nyumba isiyo na kibao cha kukaribisha wageni ni ya mtu binafsi hata kama mlango uko wazi. Droni hairuhusiwi. Taka unatembea nazo, mapipa hakuna. Dubu wapo kwenye hii milima, ukikuta tangazo la njia kufungwa sababu ya dubu amini tu.

## Hatua ya 6: Picha ile unayoitaka

Ile picha ya kijiji kizima inapigwa kutoka kilimani Shiroyama, palipokuwa na ngome ya Ogimachi, kaskazini mwa kijiji. Kwa miguu ni kama dakika 15 hadi 20 za kupanda, au kuna kigari cha abiria kwa nauli ndogo. Theluji ikizidi njia ya miguu inafungwa, tumia hicho kigari, usiruke kamba.

Siri ni mwanga. Nyumba za Ogimachi zimepangwa ncha zikielekea kaskazini na kusini, kufuata bonde, upepo upite na jua likaushe pande zote mbili za paa. Maana yake asubuhi upande wa mashariki unawaka na jioni upande wa magharibi. Saa sita mchana, hasa wakati wa baridi jua likiwa chini, wewe wa kilimani unatazama kusini unapiga dhidi ya jua na picha inatoka imefifia. Na ndo saa ambayo kila mtu yuko pale.

Kwa hiyo panda mara mbili: jioni jua likielekea kuzama, na kesho asubuhi mapema. Picha imekaa sawa kama mapaa yana upande wa mwanga na upande wa kivuli, na nyasi unaziona mistari yake.

Daraja la watembea kwa miguu la Deai, lenye urefu wa mita 107 kuvuka mto Shogawa, ni zuri pia ila mchana limejaa. Subiri kuanzia saa kumi na moja.

## Hatua ya 7: Usiku kwenye nyumba ya wageni

Fika saa mliyokubaliana. Chakula cha jioni kawaida ni saa kumi na mbili kamili, wote kwa pamoja, na ukichelewa hakuna mgahawa wa kukuokoa, jioni maduka yamefungwa. Kama basi limechelewa, piga simu au mwombe mtu wa kituo akupigie.

Mlangoni. Viatu vinabaki chini kwenye sakafu ya kuingilia, unavigeuza midomo itazame nje. Unavaa ndala za ndani kwenye korido. Ukifika chumba chenye tatami hizo ndala nazo unavua, unaingia na soksi. Chooni kuna ndala nyingine kabisa za choo, unabadilisha mlangoni na ukitoka unaziacha hapohapo. Wageni wakisahau wanatokea nazo mpaka sebuleni kwenye meza ya chakula, mezani kimya, mama mwenye nyumba anatazama miguu.

Bafu. Mara nyingi ni la pamoja kwa zamu. Unakaa kwenye kigoda, unajisugua, unajisuuza povu lote liishe, ndo unaingia kwenye lile beseni kubwa la maji moto kujipasha. Beseni sio la kuogea, na maji yale wanatumia wageni wote usiku huo, kwa hiyo USIVUTE kizibo ukimaliza. Asiyetaka kuoga na wengine aombe zamu ya peke yake, kwa minshuku mara nyingi inawezekana. Kwenye bafu za umma za maji moto ya ardhini ni uchi kabisa, wanaume kwao na wanawake kwao.

Yukata, lile vazi la pamba utakalopewa: upande wa kushoto unapita juu ya wa kulia. Kinyume chake ndo wanavyovishwa maiti.

Mezani. Tegemea samaki wa mtoni amechomekwa kijiti na kuchomwa kwa chumvi pembeni ya jiko la katikati ya chumba, mboga za porini, supu, na miso (rojo ya soya iliyochachushwa) inayochemka juu ya jani kubwa kavu kwenye jiko dogo la moto mbele yako. Jani halina kazi ya kuliwa, usilikate. Kabla ya kuanza sema "itadakimasu", ukimaliza "gochisosama", utaona uso wa mama unavyofunguka.

Vyumba vinatenganishwa na milango ya karatasi na mbao nyepesi. Jirani akigeuka unasikia. Simu weka kimya, na mazungumzo ya kupiga nyumbani yamalize mapema: kule wako mbele ya Afrika Mashariki kwa saa sita, saa tatu usiku yao ni saa tisa mchana yetu.

Baridi iko kweli, nyumba hizi zinapitisha hewa. Vaa nguo ya ndani ya joto ulale nayo, na hita ya mafuta chumbani zima kabla ya kulala kama mwenyeji alivyokuelekeza.

Bakshishi hakuna, ukiacha hela mezani watakukimbilia njiani kukurudishia. Lipa chumba kwa taslimu, noti zimenyooka, weka kwenye kisahani.

## Hatua ya 8: Asubuhi, saa yako ya thamani

Amka kabla jua halijatoka vizuri. Kifungua kinywa ni kama saa moja au moja na nusu, kwa hiyo una muda wa kuzunguka kimyakimya. Wenyeji ukikutana nao wanachota theluji au wanaenda shamba, inamisha kichwa, "ohayo gozaimasu", pita. Kumpiga mtu picha, omba kwanza.

Ukirudi kula, panda kilimani mara ya pili, na kufika saa nne, watu wakianza kumwagika, wewe uwe umemaliza.

## Hatua ya 9: Usirudi ulikotoka, pitia Gokayama

Watu wengi wanakosa hii kwa kutojua tu. Kuna basi linaitwa la Urithi wa Dunia, linatoka Shirakawa-go linapita Suganuma na Ainokura mpaka Johana, Shin-Takaoka na Takaoka, safari nzima karibu saa mbili. Shin-Takaoka kuna treni ya mwendokasi ya kwenda Kanazawa au Tokyo. Yaani unaona vijiji vingine viwili bila kurudi nyuma.

Suganuma ni nusu saa hivi, padogo sana, saa moja inatosha, kuna jumba linaloonyesha walivyokuwa wanatengeneza shura ya baruti humohumo chini ya sakafu za nyumba. Ainokura ndo pangu: kushuka kituo cha Ainokura-guchi, dakika tano kwa miguu, mapaa yako kwenye ngazi ya mlima na watalii ni wa kuhesabu. Onja tofu ya Gokayama, ni ngumu kiasi kwamba walikuwa wanaifunga kamba na kuibeba.

Onyo: mabasi haya ni machache kwa siku. Chukua ratiba, chagua kituo kimoja cha kushuka au viwili, na kabla hujashuka hakikisha unajua linalofuata ni saa ngapi. Ukikosa la mwisho Ainokura, teksi ya kutoka huko itakula bajeti ya siku mbili.

## Kama kweli huna usiku wa kulala

Lala Takayama, chukua basi la kwanza kabisa la asubuhi, hata kama ni la giza. Ukifika nenda moja kwa moja kilimani, sio dukani. Halafu nyumba ya Wada ikifunguliwa saa tatu, halafu tembea upande wa kusini wa kijiji ambako wengi hawafiki, kula mapema kabla ya saa tano na nusu, na uwe kwenye basi saa sita au saba, kiti ulichobuku tangu mwezi uliopita.

Ukipata shida yoyote, polisi ni 110, zimamoto na ambulansi 119.